Mwaka Nilipoanza Kula Kabla ya Wageni

Simu ya kunijulisha kwamba baba mkubwa Masanja amefariki usiku ilinikuta mgahawani kwangu Mabatini, sahani ya ugali na sato wa mchuzi ikiwa mbele yangu na sindano ya mchana nimeshajichoma. Nililia, na huku nalia nikaendelea kula. Binti anayenisaidia jikoni alibaki amesimama na mwiko mkononi, hajui anipe pole au aniache, maana aliyefiwa ndiye hubembelezwa ale, na hapa aliyefiwa anachambua miiba ya samaki huku machozi yanadondokea kwenye mchuzi. Wateja wawili watatu walinitazama kwa jicho la kusema huyu mama moyo wake ni wa jiwe. Niliwaacha watazame. Nina kisukari tangu usichana wangu, na insulini ikishaingia mwilini haina subira: chakula kisipofuata, naanguka. Na aliyenifundisha kula mbele za watu bila kuona haya, wageni wakiwa na njaa na wazee hawajanawa, ni huyo huyo niliyekuwa namlilia. Nilimaliza tonge la mwisho, nikanawa, ndipo nikajifunga kanga na kwenda kutafuta gari la kunipeleka kwetu, ng'ambo ya ziwa.

Siku hizi kuvuka Kigongo ni kufumba na kufumbua. Daraja limelala juu ya maji mpaka Busisi, na gari likishapanda, hujamaliza hata kuulizana habari na jirani yako mmeshafika. Nilimwomba dereva apunguze mwendo. Alidhani nataka kutapika. Nilitaka kuyaona maji tu, kwa sababu mara ya kwanza nilipovuka hapo nikiwa mgonjwa nilivuka kwa pantoni, nimelala mapajani mwa mama, na sikuona kitu. Nilikuwa kidato cha pili. Bwenini walikuwa wameshanipa jina la Pampu kwa jinsi nilivyokunywa maji na kuyatoa. Sketi ya shule niliifunga kwa kamba ili isianguke, na nikiwa na njaa ya kula sufuria zima bado mifupa ya mabega ilizidi kujitokeza. Yaliyofuata nimesimuliwa. Mama alisema nilikuwa napumua kwa nguvu kama mtu aliyetoka kukimbia, na kwamba abiria mmoja mle ndani ya pantoni aliuliza nani amebeba mananasi, wakati hakuna aliyebeba mananasi. Ilikuwa ni pumzi yangu. Mpaka leo nikilifikiria hilo nywele zinanisisimka. Mwili wangu ulikuwa unaungua kwa ndani, na harufu yake ikawa tamu.

Nilizindukia katika wodi ya wanawake ya hospitali moja kubwa mjini Mwanza. Kitu cha kwanza kukiona kilikuwa dirisha, na ndani ya dirisha ziwa lote, na mawe makubwa yamebebana juu ya maji kama kawaida yake. Nilidhani nimekufa. Sikuogopa, nilishangaa tu kwamba mbinguni kuna harufu ya dawa ya kusafishia sakafu. Kisha sauti kutoka kitanda cha pili ikasema, "Eeh, mwenye safari karudi. Mama Kabula, amka, mtoto kafungua macho." Mama alikuwa amelala chini, kwenye mkeka kati ya vitanda viwili. Aliinuka, akanishika uso kwa mikono yote miwili. Mwenye sauti ile alikuwa Bibi Nyamizi, mjane wa Kiseke, mnene, mcheshi, aliyelazwa kwa kidonda cha mguu kilichokataa kupona kwa sababu naye alikuwa na kisukari. Alikuwa ameishi nacho miaka mingi akitumia vidonge, na alijiona mwenyeji wa ugonjwa ule, mimi nikiwa mgeni wake. "Karibu," aliniambia siku ile. "Huku kwetu hatufi upesi, ila tunasumbuliwa sana."

Mambo niliyoyaona katika wodi ile yalinipita kimo. Kila asubuhi sista alichukua mkojo wangu kidogo, akautia kwenye kichupa chembamba cha kioo chenye dawa ya buluu, akauchemsha juu ya moto wa spiriti. Buluu ile ilikuwa inageuka mbele ya macho yangu: kijani, kisha njano, kisha rangi ya tofali. Rangi ya tofali maana yake sukari imejaa. Nilikuwa msichana wa kulisha ndama na kuchota maji, na sasa nilionyeshwa habari za ndani ya mwili wangu kwa rangi. Siku ambayo dawa ilichemka ikakomea kijani, wodi nzima ilishangilia, hata wasiojua wanashangilia nini. Na ile insulini yenyewe! Maji meupe, kichupa cha kutoshea kiganjani, matone machache tu chini ya ngozi, na mimi niliyebebwa kwenye shuka nikaweza kusimama dirishani na kuhesabu mitumbwi. Nimekaa na dawa hii karibu maisha yangu yote na bado sijaizoea. Kila ninapovuta bomba kuna kitambo kidogo cha kuinamisha kichwa. Wanaoniona hudhani naomba, na labda naomba kweli.

Lakini kulikuwa na neno lililonikaa moyoni kuliko yote, na nililisikia bila kukusudiwa. Daktari na sista walisimama nyuma ya pazia la kitanda changu, wakidhani nimelala. Sista aliuliza mtoto ataruhusiwa lini. Daktari akasema, "Nimruhusu aende wapi? Huyu anatoka ng'ambo, ndani kabisa. Chakula cha kule hakina saa. Leo watakula mchana, kesho watakula magharibi, keshokutwa wana kilimo watakula michembe, viazi vikavu, shambani. Utampa dawa, halafu chakula hakuna. Ukimrudisha kule, hamalizi mwaka." Hakusema kwa ubaya. Alisema kwa sauti ya mtu aliyechoka, aliyewahi kuona hilo likitokea. Nilifumba macho zaidi. Chini kwenye mkeka nilimsikia mama akigeuka, na nikajua naye kasikia. Hatukuambiana. Tuliendelea kuzungumza habari za mbuzi na habari za shule, na kila mmoja wetu alikuwa na lile neno peke yake: hamalizi mwaka.

Nyuma ya wodi kulikuwa na banda la wauguzaji, ndugu wa wagonjwa, kila mmoja na mafiga yake. Hospitali ilitoa chakula, lakini mama hakuamini uji alioukuta umepikwa na mtu asiyemjua. Alipika ugali wa muhogo na mtama, na samaki aliowanunua kwa wachuuzi waliopita getini, na akajifunza kwa Bibi Nyamizi kunipimia tonge. Sindano ilikuja mara tatu kwa siku kabla ya kula, na mama alipomwona sista na trei yake, alikimbilia bandani kupakua. Mpaka hapo mambo yalikwenda. Wageni nao walikuja kila jioni, na kwa kuwa kwetu haiendi mtu kumwona mgonjwa mikono mitupu, walileta soda. Walileta soda kwa mgonjwa wa kisukari, wakiwa na upendo tele. Bibi Nyamizi alizipokea zote kwa niaba yangu, akashukuru vizuri, akazisukuma chini ya kitanda chake. "Usimkatalie mtu zawadi," alisema. "Zitapata kazi."

Siku aliyokuja baba mkubwa Masanja ilikuwa mchana, sista amenichoma punde tu. Alikuwa kaka mkubwa wa baba yangu, mkuu wa kaya yetu, mrefu, mkavu, mwenye koti la kijivu asilolivua hata jua likiwaka. Mama alikuwa anaingia na sahani yangu wakati yeye anaingia na fimbo yake. Nilimwona mama akisimama katikati ya wodi, sahani mkononi. Alikuwa ametoka alfajiri mzee yule, ametembea, amepanda pantoni, ana vumbi mpaka kwenye nyusi. Kwetu mgeni wa namna ile haulizwi kama amekula. Mama alipiga magoti, akaweka sahani mbele yake, akarudi bandani haraka kusonga mwingine. Nami niliteremka kitandani, nikapiga magoti, nikasema, "Shikamoo baba." "Marahaba, mwanangu. Kumbe u mzima!" Nikamnawisha, nikakaa pembeni mikono mapajani, kama nilivyolelewa. Binti hali mbele ya baba yake mkubwa, anangoja ashibe. Wala halikunijia wazo la kumwambia kwamba chakula kile kilikuwa na haraka yake.

Alikula polepole, kwa raha, akinisimulia habari za ng'ombe mmoja mmoja. Yule mwenye baka kazaa. Yule wa pembe moja kavamia shamba la mwalimu. Kuni za bandani zilikuwa na unyevu siku ile na mama alichelewa. Nikaanza kutoka jasho. Nikadhani ni joto. Mikono ikatetemeka, nikadhani ni furaha ya kumwona. Kisha kila alichosema kikaanza kunichekesha. Nilicheka habari za ng'ombe aliyekufa. Nikamwita kwa jina lake tupu, "Masanja!", mbele ya wodi nzima, na nikanyoosha mkono, nikachukua kichwa cha samaki kwenye sahani ya baba yangu mkubwa. Nakumbuka uso wake; sijawahi kuona mtu mzima amepigwa na butwaa kiasi kile. "Shule imemharibu mtoto huyu," alisema taratibu. Kisha sikumbuki.

Bibi Nyamizi ndiye aliyejua. Alipiga kelele, "Sukari imeshuka! Mshikeni!" na yeye ambaye kwenda haja alibebwa, alishuka kitandani kwa mguu wake ule mbovu, akaingiza mkono uvunguni, akatoa soda moja kati ya zile zilizokatazwa, akaifungua kwa meno. "Mzee, mwinue kichwa! Mnyweshe, kidogo kidogo!" Kwa hiyo niliporudi, nilirudi mikononi mwa baba mkubwa, mgongo wangu kwenye koti lake la kijivu na soda inanitiririka shingoni. Nilirudi kwa vipande: kwanza harufu ya koti, kisha ziwa dirishani, kisha jina langu. Mama alikuwa mlangoni na sahani ya pili, hawezi kusogea. Kitu nilichokatazwa kama sumu ndicho kilichoniita. Hapo nilielewa kwamba tangu sasa nitatembea kwenye ukingo mwembamba, huku sukari na huku njaa, na kwamba inawezekana kabisa kutembea juu yake. Ajabu ni kwamba sikusikia hofu. Nilisikia kama mtu aliyeonyeshwa jinsi saa inavyofanya kazi kwa ndani.

Sista alikuja mbio na daktari nyuma yake. Nilipokwisha kula na kutulia, sista alimgeukia baba mkubwa, kwa heshima lakini bila kumung'unya maneno. "Mzee, sindano ikishaingia, huyu lazima ale. Dawa haimjui mgeni." Baba mkubwa akauliza swali ambalo hakuna mtu mwingine aliyekuwa ameliuliza. "Dawa yenyewe inatoka wapi?"

"Inatengenezwa Ulaya, mzee," daktari alijibu. "Wanaitoa kwenye kongosho la ng'ombe."

"La ng'ombe?"

"La ng'ombe, ndiyo."

"Ng'ombe, gete, kweli kabisa?" Alisimama. Alikichukua kile kichupa kwenye trei, sista akamwacha, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha na kukitazama kwa muda mrefu. Mtu aliyeoa kwa ng'ombe, aliyezika wazee kwa ng'ombe, aliyesomesha watoto kwa ng'ombe, alikuwa anamwona ng'ombe mahali ambapo hakumtarajia kabisa. Alivua kofia. Sijui kama alijua kwamba ameivua. "Basi tumekosea sisi," alisema. "Nina wageni kijiji kizima, nina msiba, nina harusi, asubuhi nafungua zizi ng'ombe waende wakale. Hakuna mgeni aliyewahi kununa. Ng'ombe hutangulia kula. Mtoto huyu ana ng'ombe mwilini, atatangulia."

Bibi Nyamizi alicheka mpaka akashika mguu wake. Daktari hakucheka. Alisema lile neno lake, safari hii mbele yetu, kwa upole zaidi: kwamba tatizo si leo, tatizo ni nyumbani, mahali chakula hakina saa. Niliona mgongo wa mama ukinyooka. Baba mkubwa akarudisha kichupa kwenye trei kwa mikono miwili.

"Saa tunayo, daktari," alisema. "Ina pembe."

"Sijakuelewa, mzee."

"Ng'ombe wanatoka umande ukikauka. Wanarudi jua likielemea. Kila siku. Mvua, kiangazi, Jumapili. Mchome wakitoka, ale. Mchome wakirudi, ale."

"Hawachelewi?"

"Ng'ombe? Wachelewe kula?" Baba mkubwa alimtazama kwa huruma ya kweli. Na yule daktari, Mungu amweke popote alipo, alivuta kiti, akakaa, akaanza kumhoji kuhusu ng'ombe, umande, na chakula cha mchana shambani, kwa umakini ule ule aliotumia kusikiliza kifua changu. Kabla hawajaachana, walikuwa wamekubaliana dawa ya kuchoma mara mbili kwa siku, na tonge la kati mchana lisilokosekana, hata kama ni michembe mfukoni.

Niliruhusiwa. Mama alijifunza kuchemsha bomba na sindano, nami nikajifunza kujichoma pajani bila kufumba macho. Dawa tuliihifadhi kwenye mtungi mdogo uliokaa ndani ya mtungi mkubwa, katikati mchanga mbichi, nyuma ya mlango penye ubaridi. Mama aliunyunyizia maji kila asubuhi kabla ya kumwagilia kitu kingine chochote. Jioni ya kwanza, ng'ombe walipoingia zizini vumbi likiwa bado juu, baba mkubwa aliagiza sahani yangu ipelekwe kikomeni, penye moto wanapokaa wanaume. Msichana hali pale. Walikuwepo baba yangu, ami zangu, na wazee wa jirani waliokuja kuniona. Aliniweka kwenye kigoda kando yake, akaniambia, "Kula." Mmoja wa wazee akakohoa. Mwingine akauliza kwa sauti ya chini kama siku hizi wanawake ndio wanaotangulia. Baba mkubwa alikaa, mikono juu ya fimbo, akinitazama nikila tonge baada ya tonge, na hakuna mwanaume aliyethubutu kunawa. Upande wa pili wa ua mama alikuwa amesimama na chungu cha mboga, analia bila kujificha. Sijawahi kula chakula kizito kuliko kile, na ulikuwa ugali na nsansa tu, mboga ya majani makavu ya kunde.

Mwaka ulikwisha. Krismasi nilikuwa kanisani nimevaa gauni lililonibana, na mama alinitazama badala ya kumtazama mchungaji. Mwaka mpya ulipoingia, alinishika mkono nje ya kanisa, akasema, "Umemaliza," nami nikasema, "Nimemaliza, mama," na hapo ndipo tulipoambiana kwamba wote wawili tulisikia siku ile nyuma ya pazia. Hatukurudi kulizungumza tena. Baadaye insulini ilibadilika. Daktari mmoja kijana aliniambia kwamba hii ninayojichoma siku hizi haitoki tena kwa ng'ombe, inatengenezwa viwandani kwa namna nyingine. Nilimshukuru. Baba mkubwa sikumwambia. Kila nilipokwenda kumsalimu aliomba akione kichupa, akakiinua kwenye mwanga, akauliza, "Bado anakulisha?" Nami nilijibu, "Bado, baba."

Nilifika msibani jua likielemea. Ua ulijaa watu kutoka Sengerema mpaka Musoma, mchungaji na wazee wakiwa kwenye viti vya mbele, maturubai, masufuria ya wali na nyama yanatoa mvuke. Nilikuwa na biskuti mkobani. Nilijiambia kwamba leo sitasumbua mtu: mama alitangulia zamani, Bibi Nyamizi alitangulia, na sasa aliyekuwa akiagiza nitangulie kula amelala ndani kwenye jeneza. Nilikwenda nyuma ya nyumba, nikajichoma, nikarudi kukaa mkekani na wanawake, nikafungua mkoba polepole. Ndipo akaja msichana nisiyemjua, kitenge kipya, akapiga magoti mbele yangu na sahani imefunikwa. Alikuwa Neema, mke wa mjukuu wa marehemu, ameolewa juzi tu kutoka pande za Mara.

"Shikamoo shangazi. Samahani, sijui kama nakosea. Wewe ndiye shangazi Kabula?"

"Marahaba. Ndiye mimi."

"Nimeambiwa kwenu huku, kabla wageni hawajanawa, shangazi Kabula anakula kwanza."

"Wamekuambia kwa nini?"

"Hapana. Wamesema ni mila tu ya hapa. Eti ng'ombe hutangulia." Akaona haya, akashusha sauti. "Mchungaji ameshaambiwa angoje."

Nilitazama viti vya mbele. Mchungaji alikuwa ameweka mikono mapajani, anangoja. Ami yangu wa mwisho kubaki hai alikuwa anangoja. Ua mzima, pamoja na watoto waliozaliwa baada ya miaka ile na wasiojua insulini ni nini, ulikuwa umetulia na masufuria yamefunikwa. Ng'ombe walikuwa wanaingia zizini. Nilifunua sahani, nikala, na hakuna aliyenawa mpaka nilipomaliza.